Alexis Kagame Mbele ya Ngeli za Kiswahili

Jina la Padri Alexis Kagame halikosekani katika insha zetu. Mwanafunzi akiandika kuhusu falsafa ya Kiafrika, hamalizi ukurasa wa kwanza kabla ya kuyataja maneno manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Anayataja, anayasifu, kisha anaendelea na shughuli zake. Nimesoma insha kadhaa za namna hiyo, na sijaona hata moja iliyouliza kama maneno hayo yanasimama yakiletwa katika lugha tunayoisomea. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na Kagame mwenyewe alitaka hoja yake iwafikie Wabantu wote. Basi tumpime hapo.

Kagame alizaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, katika ukoo uliokuwa karibu na watunza mapokeo wa ikulu ya mwami. Alipewa upadri mwaka 1941 na alikuwa mhariri wa gazeti la Kinyamateka. Kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote aliianza mapema: kuwaendea wazee waliohifadhi vichwani tungo za ikulu ziitwazo ibisigo, na kuziandika. Alikusanya zaidi ya 100. Bila yeye nyingi zingezikwa na wenyewe. Alikuwa mshairi pia, na si wa mambo mazito tu. Indyohesha-birayi, iliyotoka mwaka 1949, ni shairi refu la kuchekesha kuhusu nguruwe na utamu wa nyama yake, nalo limetungwa na padri!

Historia aliyoiandika ina upungufu unaojulikana. Inganji Karinga inabeba jina la ngoma ya kifalme, na jina hilo linatuonyesha mwandishi alisimama upande gani. Ni historia iliyosimuliwa kutoka ikulu. Mkulima wa kilimani haonekani sana ndani yake. Jan Vansina aliipinga tarehe alizowapa wafalme, na mjadala huo haujafungwa. Nauacha kwa wenzetu wa idara ya historia.

Turudi kwenye yale maneno manne. Miaka ya 1950 Kagame alikwenda Roma kusoma katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, akapata udaktari mwaka 1955, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha Kifaransa kuhusu falsafa ya Wanyarwanda juu ya kuwa. Padri Placide Tempels alikuwa ametangulia mwaka 1945 kwa kuzungumzia falsafa ya Wabantu kwa jumla. Kagame alichagua njia nyingine: lugha moja, Kinyarwanda, na ushahidi utoke katika sarufi yake. Alisema vyote vilivyopo vinagawanyika makundi manne kufuata mzizi -ntu: umuntu ni kiumbe chenye akili, ikintu ni kisicho na akili, ahantu ni mahali pamoja na wakati, ukuntu ni namna. Mjerumani Janheinz Jahn aliyachukua makundi hayo katika kitabu chake Muntu cha mwaka 1958, yakaenea ulimwenguni. Mwaka 1976 Kagame mwenyewe alipanua utafiti hadi eneo zima la lugha za Kibantu.

Sasa tuangalie mpaka kati ya umuntu na ikintu. Katika Kinyarwanda ng'ombe hawatoki katika ngeli yao: inka zirarisha. Kiswahili kinasema ng'ombe wanakula majani, kwa kiambishi kile kile cha watu. Kifaru na kiboko wana umbo la KI-, lakini tunasema kifaru amekuja. Kiswahili basi hakimtengi mwenye akili na asiye na akili. Kinamtenga mwenye uhai na asiye na uhai. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Kigali wanalijua hilo kwa uchungu, maana ndipo tunapopoteza alama. (Na rafiki yangu je? Mbona si rafiki wangu? Lakini tusimwonee Kagame kwa kila kitu.)

Ukuntu nao una matatizo. Kiswahili kinalo neno kuntu, ila tunalitumia kusifu: maneno kuntu. Tukitaka kutaja namna, tunatumia namna au jinsi, maneno yaliyotoka ng'ambo ya bahari. Au tunaweka VI-: amefanya vizuri, ameimba vibaya. Yaani namna imekwenda kukaa na wingi wa kitu. Makundi mawili ya Kagame yamelala kitanda kimoja, na hakuna Mswahili aliyechanganyikiwa akili kwa sababu hiyo.

Mtu atasema hapa kwamba nimempa ushindi Paulin Hountondji wa Benin, aliyedai kuwa kazi za aina hii zinachukua fikra za mtaalamu mmoja na kuziita falsafa ya watu wote. Kwa makundi manne, ndiyo, nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ila wakosoaji wa Kagame huishia hapo, kama wanaomsifu wanavyoishia hapo, na wote wanaliacha jambo lenye nguvu zaidi: alivyosoma mahali na kitenzi cha kuwa.

Tazama ahantu. Neno letu mahali ni la Kiarabu, lakini lilipoingia halikupelekwa kwenye ngeli ya maneno ya kukopa. Lilipewa PA-: mahali pazuri, mahali pangu. Mzizi umeondoka, kundi limebaki. Tena Kagame alisema mahali na wakati ni kundi moja, na Kiswahili kinamshuhudia: "nilipokutana naye" ni wakati, "mahali nilipokutana naye" ni pahala, kwa -po- ile ile. Ushahidi huu una uzito kwa sababu haukutoka Kinyarwanda.

Kuhusu kuwa, Kagame aliona kwamba katika lugha zetu kitenzi hicho hakisimami peke yake. Ukisema ndi, msikilizaji anangoja: ni nani, ni nini, uko wapi? Hivyo kauli ya Descartes, kwamba anafikiri na kwa hiyo yuko, haitafsiriki bila kuongezwa kitu. Jaribu kwa Kiswahili. "Nafikiri, kwa hiyo mimi ni" haijakamilika. "Nafikiri, kwa hiyo nipo" imekamilika, lakini -po imeshaingia, na -po ni mahali. Tena Kiswahili kinakulazimisha uchague: nipo, niko au nimo. Mfaransa anaweza kuwa bila kuwa popote. Sisi hatuwezi, angalau si katika sentensi.

Ningependa tungeijaribu hoja hiyo hata pale inapomwelemea mwenyewe. Katika kitabu cha 1956 wanazungumza wahusika wawili, Kama na Gama, na Kagame anamweka Imana nje ya makundi yote manne, kwa kuwa hana mwanzo wala mpaka. Lakini Waislamu wa Nyamirambo na Wakristo wanaosali kwa Kiswahili wanasema Mungu yupo, na kiambishi ni kile kile cha mahali. Kama angemsikia Gama akisema hivyo, nadhani angemwuliza: yupo wapi?