Mtemi Mwanamke na Neno «Kuolewa»

Utemi uliondolewa mwaka 1963, walakini hapa Bukene mjadala wake haujesha: mwanamke mwenye kutawala yafaa aolewe, au akae pekee? Wasemao akae pekee humtaja Elizabeth wa Uingereza, aliyetawala bila mume tangu 1558 hata 1603.

Twaona swali limeharibiwa na kitenzi chake. Katika Kiswahili mume huoa, mke huolewa. Basi asikiaye «mtemi ameolewa» hudhani amekwisha kuwekwa chini ya mtu. Wanyamwezi wa zamani waliuliza jambo jingine: je, mahari imelipwa? Ikilipwa, watoto ni wa ukoo wa baba. Isipolipwa, ni wa ukoo wa mama. Na kwa kuwa zamani utemi ulirithiwa na mwana wa dada, mume hakuogopwa kama ng'ombe zake. (Nasi walimu tumekosa sana tulipofundisha kwamba mke «hununuliwa».) Hata Waingereza, kabla ya Malkia Mary kufunga ndoa na Philip wa Hispania mwaka 1554, walifanya mkataba wa kumzuilia mamlaka.

Jirani zetu Wakimbu walitawaliwa na Mgalula, aliyemrithi babaye Nyungu ya Mawe mwaka 1884, wala dola haikuvunjika kwa kuwa mwanamke.

Basi mwenye kuandika habari za watemi wanawake na aandike «alifunga ndoa», kisha aeleze kama mahari ilitolewa, na watoto walihesabiwa wa nani.