Kamiriithu: Tamthilia, Wanakijiji na Kanisa

Yapo mazoea, hata miongoni mwetu watumishi wa Kanisa, ya kudhani kwamba sanaa ya maonyesho imewafikia watu wote pale wote wanapoalikwa kuitazama. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda), wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, unatulazimu kuyapima upya mazoea hayo.

Mchezo huo, ulioandikwa kwa Kikuyu, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Oktoba 1977 katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya. Wakulima na vibarua walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa, wenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Mazoezi yalifanyika hadharani, alasiri za Jumamosi na Jumapili, ili yasigongane na ibada za asubuhi. Mpita njia aliweza kusimama, kusikiliza na kusahihisha. Wazee waliokumbuka vita vya kudai uhuru, na wafanyakazi waliojua ugumu wa ujira wao, walirekebisha maneno ya waandishi, na waandishi wakakubali. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hii: mwanakijiji hakupewa kiti tu, bali alipewa kauli.

Kwetu sisi, maudhui yenyewe yanachoma. Kiguunda, kibarua mwenye eka moja na nusu, anashawishiwa na tajiri Kioi, mtu wa kanisa, kwamba anaishi dhambini na mkewe Wangeci mpaka wafunge ndoa kanisani. Ili kugharimia arusi hiyo anaweka rehani hati ya shamba, na shamba linapotea. Sisi tunaofundisha kwamba neema haiuzwi hatuwezi kuipuuza shutuma hii. Je, ni wanandoa maskini wangapi katika sharika zetu wanaokaa mbali na Meza ya Bwana kwa sababu ya gharama za arusi?

Hata hivyo, tunaona kasoro moja. Imani katika mchezo huu ni ama silaha ya tajiri, ama kileo cha maskini. Lakini ikiwa ratiba ya mazoezi iliheshimu ibada, basi walikuwapo walioabudu asubuhi na kuigiza alasiri. Imani ya hao haikupata mhusika wa kuisemea.

Tarehe 16 Novemba 1977 kibali cha maonyesho kilifutwa. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo karibu mwaka mzima. Mwezi Machi 1982 ukumbi ulibomolewa. Mwaka 2022 mchezo ulionyeshwa tena jijini Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Hilo ni jambo la kushukuru, ingawa yaliyorudi ni maandishi, si ule utaratibu wa kijiji.

Utaratibu huo hauhitaji fedha nyingi. Katika sharika zetu, michezo ya Krismasi na Pasaka huletwa ikiwa imekwisha kuandikwa, na wasiojua kusoma huachwa nje. Tunawasihi wachungaji na wanafunzi wa theolojia waisome michezo hiyo mbele ya usharika kabla ya kugawa nafasi, na wasiojua kusoma pamoja na waliotengwa na Meza wapewe ruhusa ya kuisahihisha. Huenda watakayoyasema yakatugusa sisi wenyewe. Hata hivyo ni heri kuyasikia ndani ya Kanisa kuliko kungoja yasemwe nje.