Kupanga Njia ya Pwani

Tunamsifu seremala wa milango ya Lamu, tunamsifu muunda majahazi, tunamsifu mpishi wa biriani. Aliyekaa na daftari akapanga safari, ikaenda sawasawa, huyo hapati sifa. Tukifika salama, tukala vizuri, tukaona tuliyokwenda kuyaona, husema Mungu ametujalia. Na ni kweli ametujalia, lakini mara nyingi hutujalia kwa mkono wa mtu. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu leo, yeye na kazi yake.

Namjua mmoja kwa karibu, kwa kuwa ni dada yangu mkubwa. Anakaa Kitisuru, kwenye miti mirefu na baridi ya Julai isiyoondoka hadi saa sita mchana, na safari zetu zote za Pwani hupangwa mezani kwake. Vyombo vyake ni vichache: daftari la shule, penseli, kifutio, kalenda inayoonyesha miandamo ya mwezi, jedwali la maji kujaa na kupwa katika bandari ya Kilindini, na simu. Wengi wetu tukipanga safari huanza na kilomita. Yeye huanza na mwezi.

Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kukicha saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Mwambao wetu una tabia moja ambayo kila mvuvi anaijua na wageni wachache wanaijua: siku za bamvua maji hupwa asubuhi, kuelekea saa nne au saa tano, kisha hujaa alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na asubuhi hiyo hiyo bahari imejaa.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Anayetaka watoto watembee juu ya mchanga unaochomoza Watamu, wachungulie vidimbwi vya miamba, kisha jioni wapande mtumbwi ndani ya mikoko ya Mida, hana budi kuchagua siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Akienda wiki moja baadaye, mahali ni pale pale na gharama ni ile ile, lakini asubuhi mchanga umefunikwa, na jioni mtumbwi unakwaruza tope. Nimewasikia watu wakisema Mida si kitu. Nikiwauliza walikwenda lini, wanataja siku ya juma. Mwezi hawaukumbuki.

Baada ya mwezi huja upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huituliza bahari na kuyasafisha maji, ila Krismasi nusu ya Nairobi iko barabarani na bei za vyumba zimepanda. Aprili na Mei ni masika. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, mwani hurundikana ufuoni, na wavuvi wenye vyombo vidogo hawathubutu kuvuka mwamba, kwa hiyo hata samaki sahanini hupungua. Dada hupenda mwisho wa Septemba na mapema Oktoba, kusi ikiwa imelegea na vuli haijaanza, au Februari, watu wakiwa wamerudi kazini.

Kazi hii ina wazee wake. Majahazi ya Uarabuni na Uhindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na nahodha aliyechelewa kung'oa nanga alikaa bandarini hadi upepo ugeuke. Bara nako Wakamba wa karne ya 19 waliteremsha pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, wakikata nyika ya Taru ambayo haina maji. Kivoi wa Kitui, aliyekutana na mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mtu wa misafara ya namna hiyo. Kiongozi wa msafara alilazimika kujua kisima kipi bado kina maji mwezi gani, na watu wake watatembea usiku au mchana. Tunapokumbuka biashara hiyo tunakumbuka pembe. Hesabu ya maji hatuikumbuki, ingawa bila hiyo hakuna pembe ambayo ingefika.

Leo barabara imetutoa hofu ya kiu, lakini haijatuondolea haja ya kujua saa. Kutoka Kitisuru dada huondoka saa kumi na moja alfajiri, akashuka Lower Kabete hadi Westlands na kuingia Nairobi Expressway, kilomita 27 hadi Mlolongo. Watu hudhani anakimbia foleni. Anakimbilia mlima. Kwenye saa moja asubuhi, kati ya Sultan Hamud na Emali, Kilimanjaro huweza kuonekana mkono wa kulia, weupe wake juu ya tambarare, kabla wingu halijapanda kuufunika. Mtu aliyetoka saa mbili baada ya kunywa chai hupita hapo akaona wingu tu, na asijue alichokosa.

Kituo chake cha kwanza ni Makindu, katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, kumbukumbu ya mafundi na vibarua wa reli waliopita hapo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unaketi, unapewa chapati, dengu na chai, na hakuna anayekuuliza dini yako wala kukudai senti. Dada huliweka hekalu hili mwanzoni kwa makusudi. Anasema anayeanza safari kwa kukirimiwa huendesha gari kwa adabu, nami nimeuona ukweli wake: baada ya Makindu hakuna anayemtukana dereva wa lori.

Kibwezi mibuyu inaanza. Mtito Andei ni karibu nusu ya njia, mahali pa kujaza mafuta na kunyoosha miguu. Daraja la Tsavo, ambako mwaka 1898 simba wawili walisimamisha kazi ya reli, hulipita bila kusimama, kwa sababu hadithi ile husimuliwa vizuri garini gari likiwa linakwenda. Halafu Voi, Maungu, Taru, na hewa inazidi kuwa nzito. Kitisuru iko mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo siku nzima ni kuteremka, na nguo huvuliwa moja moja kadiri njia inavyoshuka. Minazi ikianza kujitokeza, karibu na Mariakani na Mazeras, watoto hufungua vioo bila kuambiwa.

Reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 ingetufikisha kwa saa tano au sita hivi, tena bila malori, na siwalaumu wanaoipanda. Lakini treni haisimami Makindu ukale, na ukifika Miritini bado huna gari la kukupeleka Mida.

Mpaka hapa ni mwezi, upepo na barabara. Kilichobaki ni jiko, na jiko ndilo linaloamua mtu alale wapi. Hili nililiona kwa macho yangu. Dada alikuwa ameshapata chumba Nyali, kizuri, karibu na ufuo, na alikuwa ameandika kwa penseli: Jumamosi asubuhi, mahamri na mbaazi, Mji wa Kale. Akampigia simu mama mmoja anayepika huko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwaja lini?"

"Jumamosi, inshallah. Tutaingia kwako saa nne hivi."

"Saa nne? Mahamri yangu saa tatu yamekwisha. Njooni mapema, au msije."

Dada alicheka, akamshukuru, akakata simu. Kisha akachukua kifutio akaifuta Nyali. Akatafuta chumba kisiwani, kidogo zaidi, bila ufuo, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Wanawe walilalamika. Lakini Jumamosi saa moja na nusu tulikuwa tumekaa kwenye benchi la mama yule, tukitazama unga uliochachuka usiku kucha, wenye tui na iliki, ukikatwa pembetatu na kutumbukizwa katika karai. Hamri ikigusa mafuta huzama, ikatulia kidogo, kisha ikaibuka ghafla imevimba, na mama huimwagia mafuta ya moto mgongoni kwa mwiko ili ivimbe sawasawa. Ukiichana, mvuke wa iliki unatoka. Mbaazi zimepikwa hadi zikalainika, zikatiwa tui jepesi kwanza na zito mwishoni, zikaachwa rojorojo. Chakula hicho hakiwezi kuhamishiwa saa nne, wala hakiwezi kupelekwa hotelini kwenye sahani iliyofunikwa. Kina mahali pake na saa yake, na mpanga safari anayestahili jina hilo huhamisha kitanda akifuate.

Kwa utaratibu huo huo anapanga siku nzima ya kisiwani. Ngome, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, tunaingia mara baada ya kifungua kinywa, jua likiwa bado halijakali. Ikiwa ni Ijumaa, adhuhuri hapangi kitu. Maduka yanafungwa, watu wako msikitini, na mgeni mwenye heshima hupumzika. Ikiwa ni Ramadhani, daftari zima linapinduliwa: mchana ni wa magofu na usingizi, usiku ni wa kula. Jioni tunakwenda kando ya bahari, Mama Ngina, meli zikiingia Kilindini, kula viazi karai vya manjano kwa mchuzi wa ukwaju, mishkaki, na mihogo ya kukaanga iliyonyunyizwa pilipili na ndimu.

Ukiivuka Mtwapa kwenda kaskazini, vya kuona ni vingi kupita siku, na ni hapo mpangaji wa kawaida hushindwa na tamaa. Kuna Jumba la Mtwana. Kuna Mnarani, magofu ya msikiti na makaburi juu ya hori la Kilifi, karibu na daraja lililomaliza kazi ya feri mwaka 1991. Kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wa kilomita za mraba zipatazo 420, wenye bundi asiyeonekana ila mahali pachache duniani. Kuna Gedi, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024: jumba la mfalme, msikiti mkuu, visima, na nyumba ambazo James Kirkman, aliyeanza kupachimba mwaka 1948, alizipa majina kwa kile alichokiokota ndani yake, kwa mfano Nyumba ya Mkasi. Kuna nguzo ya Vasco da Gama Malindi. Kuna Marafa, korongo la rangi nyekundu na nyeupe ambalo wenyeji hulijua kwa jina la Nyari.

Dada huviandika vyote, kisha huanza kufuta. Marafa hupendeza jua likizama. Mida nayo hupendeza jua likizama, na bamvua haisubiri mtu. Basi Marafa inafutwa mwaka huo. Gedi hupewa asubuhi yake peke yake, kwa sababu kule ndani ya msitu, tumbili wakiruka juu ya kuta za matumbawe, anayeharakishwa haoni kitu. Nguzo ya Malindi anaipa nusu saa, na nadhani inatosha. Lamu haiingii kabisa. Njia ya kupita Garsen na Witu ni ndefu na hutaka kuulizia hali ya usalama kwanza, gari huachwa Mokowe, na mji ule wa vichochoro hauwezi kuwa mkia wa safari nyingine. Lamu ina ukurasa wake mwishoni mwa daftari, na ukurasa huo una kichwa tu.

Nikitazama ukurasa wa Kilifi na Malindi nauona umejaa nafasi tupu, na naamini uzuri wa kazi yake uko katika nafasi hizo. Alasiri moja imeandikwa neno "hakuna". Siku ile tulikuwa Kilifi, mvuvi akapita na changu wawili ambao hawakuwa wamepata mnunuzi. Wakanunuliwa, mwenye nyumba tuliyofikia akawasha makaa, akakuna nazi, akawachoma samaki huku akiwapaka tui la ukwaju na pilipili kidogo kidogo hadi likashika. Hatukuwahi mahali popote jioni ile, na hapakuwa na mahali pa kuwahi. Laiti pale pangeandikwa kitu, tungemwambia mvuvi asante, tuna haraka.

Pesa nazo hupangwa kwa daftari hilo hilo, na hapa dada ana msimamo mkali ninaouunga mkono. Hahesabu chumba na mafuta peke yake. Anatenga za mwongoza wageni wa Gedi, za kijana wa mtumbwi wa Mida, za mama wa mahamri, kwa noti ndogo, mapema, ili isije ikafika siku ya mwisho mfuko umekwisha na mtu aliyetupa siku nzuri akapunjwa. Pwani imeona wageni wengi waliofungiwa hotelini siku saba, wakalishwa humo humo, wakaondoka bila shilingi yao kufika kijiji kilicho nyuma ya ukuta.

Siku ya kurudi huipanga kwa bidii ile ile, jambo ambalo wengi hulipuuza kwa kuwa mioyo yao imeshafika nyumbani. Asubuhi ni ya sokoni Mombasa: nazi, achari ya maembe, kachiri, mabuyu mekundu ya watoto wa jirani. Baada ya chakula cha mchana tunaondoka, na tunalala Voi, kwa sababu haendeshi gari usiku kati ya malori ya Taru, na juu ya hilo hasikilizi ombi la mtu. Kesho yake, tena siku ya kazi wala si Jumapili jioni, tunapanda polepole na kuingia Mlolongo mchana, kabla ya msongamano. Jioni hiyo hiyo, mizigo haijafunguliwa, anauliza lini mwezi wa Februari utaandama, maana sasa anataka Shimoni na Wasini, na mashua za huko, amesikia, huondoka asubuhi.