Namba Witiri si Namba ya Ajabu: Uhakiki wa Tafsiri ya Maelezo ya Mashine ya Kutarizi

Makala haya yanahakiki kijitabu kimoja kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kinachoeleza jinsi ya kuunganisha mashine kuukuu ya kutarizi, ya aina itumikayo viwandani, na kompyuta. Kililetwa ofisini kwetu na mwalimu wa ushonaji wa Dar es Salaam. Karakana yake hutarizi nembo za shule kwenye masweta kwa mashine ya Kijapani ya miaka ya 1990. Mashine hiyo ilikuwa ikipokea michoro kwa disketi, hata kisomeo chake kilipoharibika. Mafundi walikifuata kijitabu neno kwa neno kwa muda wa wiki mbili bila ya kufanikiwa, wakafikia kutaka kuiuza mashine kwa bei ya chuma chakavu. Mashine haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika istilahi.

Kabla ya kulihukumu neno, hapana budi kulifahamu jambo lenyewe. Mashine za kutarizi za miaka ya 1980 na 1990 zilipokea michoro kwa utepe wa karatasi uliotobolewa, kisha kwa disketi. Disketi sasa ni adimu. Kampuni ya Sony ilikoma kuziuza nchini Japani mwaka 2011. Lakini nyingi kati ya mashine hizo zina pia tundu la mawasiliano ya mfululizo, la kawaida iitwayo RS-232 iliyowekwa mwaka 1960. Katika tundu hilo biti hupita moja moja zikifuatana. Ili zieleweke, kompyuta na mashine lazima zipangwe sawasawa: kasi, idadi ya biti, biti ya ukaguzi na biti ya kikomo. Upande mmoja ukipangwa 9600 na mwingine 4800, hakuna kitakachoeleweka. Hapa fundi hawezi kukisia maana. Neno moja likikosewa, kazi nzima imekosewa.

Kosa la kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Kijitabu kinaagiza: "Chagua usawa wa ajabu." Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza ambalo huweza kuwa na maana ya kitu cha ajabu, na pia maana ya namba isiyogawanyika kwa mbili. Akachukua maana ya kwanza. Jambo linalosemwa ni hili: mtumaji huongeza biti moja ili hesabu ya biti zenye thamani ya moja iwe witiri au iwe shufwa, kama walivyopatana. Mpokeaji akihesabu akakuta kinyume, hujua kwamba kuna biti iliyoharibika njiani. Maneno shufwa na witiri yamo katika hesabu za shule ya msingi, na Mwislamu yeyote aijuaye sala ya witiri hahitaji kufafanuliwa. Lugha ilikwisha kuwa na neno, mfasiri hakulitafuta.

La pili ni "waya batili". Katika plagi ya pini 9, kompyuta hupokea kwa pini ya 2 na kutuma kwa pini ya 3. Ikiwa mashine nayo imeundwa vivyo hivyo, kebo iliyonyooka itamkutanisha mtumaji na mtumaji, na mpokeaji na mpokeaji. Wote watasema na hakuna atakayesikia. Kwa hiyo hutumika kebo ambayo ndani yake nyaya hizo mbili hupishana. Mfasiri alilifasiri jina la Kiingereza bila ya kuuliza kebo hiyo inafanya kazi gani. Fundi naye alifanya kama Kiswahili kilivyomwelekeza: kilicho batili hakifai, akaitupa kebo ndani ya sanduku la mabaki.

La tatu ni "kidogo cha kusimama". Biti ni tarakimu moja ya sifuri au moja. Neno hilo kwa Kiingereza lafanana na neno la kitu kidogo, lakini kufanana huko hakuhusu maana hii. Mwalimu alidhani ameambiwa aisimamishe mashine kidogo, naye akafanya hivyo kila mara kabla ya kutuma mchoro.

La nne ni "bandari", yaani mahali pa kuchomeka kebo. Hapa yafaa tumtendee mfasiri haki. Sisi wenyewe tumekubali kupakia na kupakua, ambayo ni maneno ya vyombo na shehena, nayo yanafanya kazi vizuri. Bandari ni ya ukoo huo huo. Hata hivyo kuna dhana mbili. Kompyuta nyingi za leo hazina tundu la RS-232, hivyo huwekwa kiunganishi cha USB, na programu huipa njia hiyo namba, kwa mfano COM3. Tundu huonekana kwa macho. Njia yenye namba haionekani. Kijitabu kinaziita zote mbili bandari, na fundi akatafuta mahali palipoandikwa 3 nyuma ya kompyuta.

La tano lamhusu mshonaji hasa. Katika mpangilio wa faili uitwao DST, uliotokana na kampuni ya Tajima ya Japani, mwendo mmoja wa sindano huandikwa kwa baiti 3, hupimwa kwa sehemu ya kumi ya milimita, wala hauzidi milimita 12.1. Kijitabu kinasema: "Mshono usizidi milimita 12.1." Mshonaji gani ataamini hayo? Kwake mshono ni mstari mzima unaounganisha vitambaa viwili, nao waweza kuwa na urefu wa gauni.

Zaidi ya hayo, kijitabu kinatumia kompyuta, tarakilishi na ngamizi katika kurasa zile zile. Kila neno lina watetezi wake, lakini msomaji aweza kudhani anatakiwa kununua vyombo vitatu.

Tunapendekeza yafuatayo:

Witiri na shufwa: hali mbili za biti ya ukaguzi.
Biti ya kikomo: biti inayofunga kila herufi.
Kebo pishani: kebo ambayo nyaya zake za kutuma na kupokea hupishana.
Tundu: mahali pa kuchomeka kebo.
Mlango: njia yenye namba ndani ya kompyuta.
Pigo: mwendo mmoja wa sindano, mshono ubaki na maana yake.

Tulipokaa na mwalimu na fundi wake kwa maneno haya, kebo ilitolewa sandukuni, pande zote mbili zikapangwa witiri, na nembo ikapokelewa siku hiyo hiyo. Hatudai kwamba istilahi hizi ndizo za mwisho. Tunachodai ni kwamba mfasiri aulize kwanza kitu kinafanya nini, kisha atafute darasani na karakanani kabla ya kuunda neno lake, na akishalichagua neno asilibadili. Mashine na kompyuta haziwezi kusemezana zisipopangwa sawa. Vivyo hivyo mfasiri na fundi.

Maoni ya wasomaji, hasa walimu wa ufundi, yanakaribishwa.