Kasoro za Istilahi za Maumbile: Mfano wa Ituri

Anthropolojia ya maumbile huchunguza mwili wa binadamu: kimo, mifupa, damu, ukuaji na urithi. Isimu huchunguza lugha. Istilahi za taaluma moja zinapohamishiwa nyingine bila uangalifu, huzaa hukumu badala ya maelezo. Ituri ni mfano mchungu wa jambo hili.

"Kibantu" ni istilahi ya isimu, iliyoenezwa na Wilhelm Bleek mnamo 1862. Haielezi pua wala fuvu la mtu yeyote. Mwaka 1863 John Hanning Speke alidai kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa wahamiaji wa asili ya Uhabeshi. Kutokana na fikra hizo "Mhamiti" akazoeleka vitabuni kama aina ya mwili.

Katika vita vya Ituri vya 1999–2003, Wahema waliitwa Wahamiti au Waniloti, na Walendu wakahesabiwa kuwa Wabantu. Lugha zao zasema kinyume. Wahema wa kusini husema lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kinyoro. Walendu husema lugha ya Kisudani ya Kati. Na Wagegere, yaani Wahema wa kaskazini, husema Kilendu chenyewe! Mzozo wa ardhi ulikuwa na uzito zaidi kuliko majina, lakini majina yaliupa sura ya uadui wa damu. Mnamo Mei 2003 raia waliuawa hata katika parokia ya Nyakasanza, mjini Bunia.

"Mbilikimo" lina kasoro nyingine: hulifanya umbo la mwili kuwa jina la watu. Waefe wa msitu wa Ituri na Wabaka wa Kamerun huitwa hivyo wote. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wa Kibaka huzaliwa na ukubwa wa kawaida, kisha ukuaji wao hupungua kasi katika miaka miwili ya kwanza, ilhali Waefe huzaliwa wakiwa wadogo tayari. Kimo kimoja, njia mbili.

Limebaki "mbari". Kwa asili ni neno la ukoo, na ukoo waweza kuhesabiwa kwa majina ya mababu. Wanaolitumia kwa makundi makubwa ya wanadamu hulibebesha mzigo usio wake, kwani Richard Lewontin alionyesha mwaka 1972 kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki hupatikana ndani ya jamii moja moja.