Kuiga, Kunakili, Marudio: Msamiati wa Kuhakiki Kazi Zinazofanana na Nyingine

Uhakiki wa Kiswahili una neno moja linalotumika kupita kiasi pale kazi inapofanana na nyingine: kuiga. Mhakiki akishaandika kwamba mwandishi "ameiga", hukumu imekwisha kutolewa, na mara nyingi uchambuzi nao huishia hapo. Ajabu ni kwamba mzizi wenyewe hauna dhambi. Kutokana nao lugha imepata igizo, mwigizaji na maigizo, yaani istilahi za msingi za sanaa ya jukwaani, na hakuna anayemtuhumu mwigizaji kwa kuigiza. Kunakili nako kulikuwa kazi ya heshima. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na bingwa wa hati, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi, na sehemu ya yale yanayojulikana leo kuhusu tenzi hizo imetokana na kalamu yake. Kitenzi hichohicho, kikitokea leo katika ripoti ya mtahini, chaweza kumnyima mtahiniwa shahada. Wanafunzi wamekwisha kukitafutia mbadala wa mzaha: kudesa.

Ukali wa neno kuiga ungevumilika. Kisichovumilika ni upendeleo wake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo waliuona ushairi wake usiofungwa na vina na mizani kuwa mwigo wa Kizungu. Aliyetunga tarbia ya mizani 16 kwa kila mshororo, kwa umbo lililokwisha kutumiwa na watangulizi wasiohesabika, hakuitwa mwigaji. Alisifiwa kwa kushika mapokeo. Kumfuata mgeni ni kuiga, kumfuata babu ni kuenzi. Kipimo cha namna hiyo hukagua nasaba ya kielelezo na kuiacha kazi yenyewe bila kupimwa.

Neno la kufaa zaidi limo midomoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita. Huko Nkome, kata ya wavuvi kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, mwalo ni mahali samaki wanaposhushwa. Kwa wachimbaji wa mkoa huohuo, mwalo ni mahali mawe yaliyosagwa kwa karasha yanapooshwa ili kupata dhahabu. Mchanga unaobaki baada ya kuoshwa huitwa marudio. Huo si takataka. Zebaki hushindwa kuikamata dhahabu yote, kwa hiyo marudio hukusanywa, huuzwa, kisha huchenjuliwa tena katika matangi kwa sayanidi. Mnunuzi wa marudio haulizi kama mchanga ni mpya, maana anajua si mpya. Huchukua sampuli akaipima, ajue mna nini ndani yake ambacho mwosho wa kwanza haukukitoa.

Swali hilo ndilo linalokosekana katika uhakiki wa riwaya ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na tangu hapo kiko cha Bwana Msa na usuhuba wake na Najum vimelinganishwa mara nyingi na Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle. Mfanano huo haukanushiki, na mtetezi wa Abdulla anayejaribu kuukanusha anapoteza wakati wake. La kuchunguzwa ni kilichochenjuliwa. London ya Doyle ni jiji la watu wasiojuana. Majivu ya tumbaku na alama ya kiatu ndivyo vinavyosema. Unguja ya Abdulla ni mahali watu wanapojuana kwa majina na mitaa, na kinachofichwa ni uzazi: nani mtoto wa nani. Katika Duniani Kuna Watu (1973) fumbo ni la ukoo kabla ya kuwa la polisi. Hapo mna dhahabu ambayo mwosho wa Doyle haukuigusa.

Kwa kipimo hikihiki, mashairi mengi ya pongezi yanayotungwa kila mwaka kwa vina safi kabisa ni mchanga uliohamishwa kutoka rundo hadi rundo. Marudio, tena, yana mwenyewe na yana bei. Mtafiti anayechukua aya za mwenzake bila kumtaja hajafanya marudio. Ameondoka na kiroba cha mtu usiku, na neno wizi linamtosha.

Istilahi hii ina mpaka wake, nao unaonekana kwenye Kichomi. Kama Kezilahabi alichukua kitu kutoka nje, alichochukua hakikuwa mchanga, maana hofu na maswali yaliyomo humo ni ya Mtanzania wa miaka ya baada ya uhuru. Alichukua, kwa kadiri fulani, namna ya kuosha. Kwa mkopo wa aina hiyo, wa mbinu pasipo maudhui, marudio hayatoshi, na kuiga, kama lilivyotumiwa na wanamapokeo, halikupata kutosha.