Kicheko cha M'Cola: Kiswahili na Ukweli katika Green Hills of Africa

Utangulizi

Mwezi wa Desemba 1933, mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alishuka Mombasa pamoja na mkewe Pauline na rafiki yao Charles Thompson. Hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya kuwinda wanyama wakubwa ng'ambo. Kiongozi wao alikuwa Philip Percival, mwindaji mzoefu aliyekuwa na shamba Ukambani. Walivuka mpaka wakaingia Tanganyika, wakawinda Serengeti, Manyara na Babati, hadi nyika za upande wa Handeni. Zao la safari hiyo ni kitabu Green Hills of Africa, kilichochapishwa mwaka 1935. Katika dibaji yake, Hemingway anaeleza kwamba hakubuni mhusika wala tukio lolote. Nia yake, asema, ni kuona iwapo sura ya nchi na matendo ya mwezi mmoja, yakielezwa kwa kweli tupu, yanaweza kushindana na kazi ya kubuni.

Kitabu hiki hutajwa mara nyingi kwa ajili ya mazungumzo yake juu ya fasihi ya Marekani, hasa pale mwandishi anapomfanya Mark Twain kuwa chimbuko la fasihi yote ya kisasa ya nchi yake. Makala haya yanashughulikia jambo jingine. Yanauliza ahadi ya kweli tupu inatimizwa kwa kiasi gani pale wahusika wanaposema Kiswahili. Inadaiwa hapa kwamba Kiswahili cha kitabu hiki hakibebi mawazo ya Waafrika waliomo. Hata hivyo, matendo yao, hasa nyimbo na vicheko, yanabeba maana ambayo msimulizi ameirekodi bila kuielewa.

Lugha ya Amri

Kwanza tutazame maneno yenyewe. Katika kitabu, kifaru ni "faro", dume ni "doumi", na bwana huandikwa kwa kibainishi, "B'wana". Hata jina la mbeba bunduki mkuu limeandikwa "M'Cola". Tahajia hizi hazikuwa za lazima. Kamati ya kusanifisha Kiswahili ilikuwa imeundwa mwaka 1930 kwa niaba ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilitoka mwaka 1934. Wakati Hemingway akifuata nyayo za tandala, Shaaban Robert alikuwa akitumika katika Idara ya Forodha ya Tanganyika hiyo hiyo. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa lugha isiyo na maandishi. Hemingway alikisikia kwa sikio la mgeni, akakiandika kama alivyokisikia.

Lakini suala si tahajia tu. Katika sehemu ya mwisho ya kitabu, msimulizi anampiga palahala akidhani ni dume, kumbe ni jike. Neno linalotumika juu ya mzoga ni "manamouki", yaani mwanamke. Mswahili hamwiti mnyama mwanamke; humwita jike. Neno hili ni la Kisetla, kile Kiswahili cha shambani na jikoni kilichozaliwa kati ya bwana na mtumishi, chenye vitenzi vichache vya kuamuru na majina machache ya vitu vinavyoamriwa. Huenda hata wabeba bunduki wenyewe walikizungumza hivyo, kwa kuwa wengi wao walitoka bara na walikuwa na lugha zao za nyumbani. Iwe walikosa Kiswahili kingine au walijishusha ili bwana awaelewe, matokeo ni yale yale. Katika lugha hii mtu anaweza kusema "piga", "hapana" na "simba"; hawezi kusema anachofikiri juu ya kumpiga simba.

Inafaa kukumbuka kwamba sehemu hiyo ya mwisho, ambayo mwandishi ameipa kichwa kinachoyalinganisha mawindo na furaha, ndiyo ambayo Percival, anayeitwa Pop kitabuni, hayumo kwenye msako. Msimulizi yuko na M'Cola, Kamau na wenzao, bila mkalimani. Maelezo ya mandhari hapa ni ya hali ya juu. Mhakiki mwadilifu hawezi kulikana hilo. Hata hivyo, furaha hii ni ya mtu aliyezungukwa na watu wasioweza kumjibu. Methali husema asiyekuwapo na lake halipo. Hapa M'Cola yupo tangu mwanzo hadi mwisho, na lake bado halipo.

Wimbo wa Simba

Je, lake halipo kabisa? Tukio la simba wa Pauline, ambaye kitabuni anaitwa P.O.M., linadokeza vingine. Mwanamke huyo anafyatua risasi ya kwanza. Mumewe anapiga baadaye, na ushahidi wote unaonyesha kwamba risasi iliyomwangusha simba ni ya mume. Hata hivyo M'Cola anashikilia kwamba Mama ndiye aliyepiga. Kambi nzima inatoka kwa nyimbo, inambeba Mama juu juu na kumzungusha, naye karibu anaamini.

Msimulizi anaueleza mkasa huu kama uongo wa mapenzi wa watu wanaompenda mkewe. Maelezo hayo si mabaya, ila ni pungufu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, sifa za mwindaji si ripoti ya risasi. Ni tendo la jamii: wimbo humpa mtu cheo, na waimbaji ndio wenye mamlaka ya kukitoa au kukinyima. Kwa kuchagua nani wa kubebwa, waimbaji wanaamua shujaa wa siku ni nani, na bwana mwenye bunduki hana la kufanya ila kutabasamu. Kwa hiyo, ndani ya kitabu kinachojinadi kuwa hakikubuni lolote, watumishi wametunga hadithi yao, na hadithi hiyo ndiyo inayokubaliwa kambini.

Kicheko na Fisi

Jambo la pili ni kicheko. M'Cola huwacheka ndege wanaoanguka kwa risasi. Humcheka pia bwana anapokosa shabaha, na msimulizi anakiri kwamba kilichomchekesha M'Cola kuliko yeye ni fisi tu. Kisha yanafuata maelezo maarufu ya fisi aliyepigwa akijirarua na kula matumbo yake mwenyewe. Kwa msimulizi, hayo ni mzaha wa ajabu wa mtu wa ajabu.

Kwa msomaji aliyelelewa na ngano za Kenya, hapana ajabu. Fisi wa ngano ni mlafi asiyejua kikomo. Ndiye yule aliyefika njia panda, akataka kufuata harufu ya nyama pande zote mbili, akapasuka katikati. Fisi anayekula matumbo yake ni ngano hiyo ikitimia mbele ya macho. Anachokicheka M'Cola ni tamaa inayojimaliza yenyewe, wala kicheko chake si ukatili mtupu.

Basi maana ya bwana kuwekwa daraja moja chini ya fisi ni nini? Kitabu chenyewe kinatoa jibu. Uti wa mgongo wa masimulizi ni wivu. Karl, yaani Thompson, anamwua kifaru mwenye pembe kubwa kuliko za kifaru wa msimulizi. Mwishoni, anamshinda tena kwa tandala. Msimulizi, aliyerudi na ushindi, anaziona pembe za mwenzake na furaha inamtoka. Hemingway anakiri wivu huu kwa uaminifu, na anakiri pia kwamba wageni huizeesha nchi upesi. Kukiri huko ndiko nguvu ya kitabu. Ila M'Cola alikuwa ametangulia kuufichua ulafi huo kwa kicheko, kabla mwandishi hajaupatia maneno.

Hitimisho

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, lakini picha ya Afrika iliyojengwa na vitabu vya aina hii haikupigwa marufuku: mbuga, mgeni mwenye hisia nzito, na mwenyeji anayetabasamu bila neno. Kuvikataa vitabu hivyo kwa jumla ni njia rahisi, na haimsaidii mwanafunzi. Green Hills of Africa kinastahili kusomwa darasani kwetu, ila kisomwe na mtu mwenye Kiswahili na mwenye ngano. Msomaji wa namna hiyo ataona kwamba Hemingway alikuwa shahidi mwaminifu wa mambo aliyoyaona, na mfasiri dhaifu wa aliyoyasikia. Kitabu kimehifadhi kicheko cha M'Cola. Kazi ya kukifasiri imebaki kwa wanaoijua lugha.